Mkopo wa Ndugu na Haki ya Mwananchi Kuuliza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanaharakati wa mageuzi na waumini)



Tumekuja kusema nanyi juu ya jambo ambalo wakubwa hupenda kulizungumza katika vyumba vilivyofungwa. Jambo lenyewe ni deni la taifa, na hasa deni la namna mpya: lile tunalokopa kutoka kwa mataifa ambayo jana yalikuwa maskini kama sisi, na leo yamesimama kiuchumi na kuwa wakopeshaji. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi tumeziona, zikiwa na vigelegele, riboni na hotuba. Leo tuzungumze juu ya matanga, na juu ya nani anayeketi chini kwenye mkeka wakati wenye harusi wamekwisha kuondoka.

Tuanze kwa kumpa kila mtu haki yake, maana hoja isiyo ya haki haitajenga nchi ya haki. Ushirikiano kati ya mataifa yaliyotawaliwa haukuanzishwa na wafanyabiashara. Mwezi wa Aprili 1955 wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Bandung, Indonesia, wakakubaliana kwamba waliotoka katika nira moja hawana budi kusaidiana. Mwaka 1964, akiwa katika ziara ya Afrika, Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Miongoni mwake: mikopo iwe bila riba au kwa riba ndogo, uhuru wa nchi inayosaidiwa uheshimiwe, na wataalamu wanaoletwa waishi maisha ya kiasi kile kile cha wataalamu wenyeji.

Wala hayakubaki maneno matupu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilijikuta imebanwa, shaba yake ikitegemea njia zilizoshikwa na maadui wa uhuru wa Mwafrika. Tanzania na Zambia ziliomba msaada wa kujenga reli. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yakasema reli hiyo haina faida. China, ambayo wakati ule yenyewe ilikuwa nchi ya wakulima maskini, ikakubali mwaka 1967, ikatoa mkopo wa yuani milioni 988 bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa kwa wenyewe. Zaidi ya Wachina 60 walifia katika kazi ile, na makaburi yao yapo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Asiyekumbuka hayo hana haki ya kuyasema yatakayofuata.

Lakini tusiifanye TAZARA kuwa ngano ya watoto. Reli ile ilijengwa ili ibebe tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, na kiasi hicho haijawahi kukifikia. Matengenezo yalikosekana, vichwa vya treni vikachakaa, na baada ya Zimbabwe kupata uhuru wake mwaka 1980 shaba ikapata njia nyingine za kusini. Mwezi wa Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya maelewano ya kuifufua. Funzo lake ni kwamba hata mkopo wenye nia njema na usio na riba huwa mzigo, iwapo wenye reli hawasimamii walichojengewa.

Sasa tutazame yaliyobadilika. Mwaka 1994 China iliunda Benki ya Exim, na kazi ya benki hiyo ni kuuza bidhaa na huduma za China ng'ambo. India ilikuwa na benki yake ya namna hiyo tangu mwaka 1982. Mwaka 2000 likaanza Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika. Mwezi wa Julai 2014, mjini Fortaleza, Brazil, mataifa matano ya BRICS yalikubaliana kuunda Benki Mpya ya Maendeleo, makao yake Shanghai, kila mwanzilishi akiwa na hisa sawa na mwenzake. Yote haya ni maendeleo ya kupokewa kwa furaha. Kwa muda mrefu mno mlango wa fedha duniani ulikuwa mmoja, na aliyeushika ufunguo alituamuru tuvue viatu kabla ya kuingia. Kuwa na milango miwili ni afadhali kuliko mmoja.

Hata hivyo, benki ni benki. Mkopo wa masharti nafuu wa Exim ya China hutaka angalau nusu ya manunuzi yafanywe China. Mikopo ya India kwa kawaida hutaka robo tatu ya bidhaa na huduma zitoke India. Mashine zilizokifufua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, zilinunuliwa kwa mkopo wa namna hiyo. Kwa hiyo fedha nyingi hazipandi ndege kuja kwetu. Hutoka mfuko mmoja wa mkopeshaji na kuingia mfuko wake mwingine, na linalokuja kwetu ni jengo, mashine, au reli, pamoja na hati ya deni. Tusishangae wala tusitukane. Ndivyo walivyofanya Wazungu pia kwa miaka mingi. Lakini mtu anayetuuzia bidhaa kwa mkopo yatupasa kumtazama kama muuzaji, hata kama anatuita ndugu: tupime mizani yake, tuulize bei ya jirani, na tusome karatasi kabla ya kutia kidole gumba.

Je, Kenya ilisoma karatasi? Tuichukue reli yetu mpya. Mwezi wa Mei 2014 serikali ilitia saini mikataba ya mikopo na Benki ya Exim ya China kwa reli ya Mombasa hadi Nairobi. Treni ya kwanza ya abiria iliondoka Mombasa tarehe 31 Mei 2017, na mwaka 2019 njia ikafikishwa Naivasha, ikakomea hapo, mbali na mpaka wa Uganda iliokusudiwa kuufikia. Kwa jumla mikopo hiyo ilikaribia dola bilioni 5. Ilikuwa ya aina mbili. Mmoja, wa dola bilioni 1.6, ulikuwa na riba ya asilimia 2 isiyobadilika. Mwingine ulikuwa wa kibiashara, riba yake ikafungwa kwenye kiwango cha soko la London, kisha ikaongezwa asilimia 3.6 juu yake. Mwaka 2014 kiwango hicho cha London kilikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2023 kilipita asilimia 5. Hapakuwa na kura bungeni juu ya kupanda huko. Kulikuwamo tu ndani ya karatasi, kukingojea siku yake.

Tena kuna jambo la shilingi. Nauli ya mama anayepanda treni Mtito Andei hulipwa kwa shilingi, bali deni lilitakiwa kwa dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Mapema mwaka 2024 ilifika kama 160. Deni lilelile, bila kuongezewa hata senti, likawa limekaribia kuwa maradufu machoni pa mlipa kodi. Mwezi wa Oktoba 2025 Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba mikopo ya reli imegeuzwa kutoka dola kuwa yuani, na kwamba nafuu yake ni takribani dola milioni 215 kwa mwaka. Kama nafuu hiyo ni ya kweli, twaipokea. Lakini twauliza: masharti mapya yako wapi? Maana hata nafuu ina karatasi yake.

Ndugu wananchi, nani aliyelipa? Tangu mwaka 2013 iko tozo ya maendeleo ya reli juu ya bidhaa zinazoingizwa nchini, iliyoanza kwa asilimia 1.5 ya thamani yake. Mnunuzi wa mitumba Gikomba na mwenye duka la vipuri Kisumu wanailipa, hata kama hawajawahi kuiona treni hiyo. Nayo Mombasa ililipa kwa njia nyingine. Ili reli ipate mizigo ya kulipia deni, mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yanayokuja bara yapelekwe Nairobi kwa reli. Madereva, mataniboi, mafundi wa magari, mama ntilie na wenye vyumba vya kulala wageni kando ya barabara kuu waliona riziki yao ikipakiwa juu ya behewa. Watu wa Mombasa waliandamana juma baada ya juma. Ilichukua hadi Septemba 2022 ndipo Rais mpya akaamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandarini. Hivyo mkataba uliotiwa saini kwa siri Nairobi na Beijing ndio ulioamua nani ale na nani alale njaa Mariakani na Mlolongo.

Twasema kwa siri, na neno hilo hatulitumii ovyo. Kwa miaka mingi wananchi waliitaka mikataba hiyo wakajibiwa kwamba inakatazwa kutolewa. Wanaharakati wawili walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, nayo mwezi wa Mei 2022 ikaamuru iwekwe wazi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Waziri wa Uchukuzi alitoa sehemu ya hati hizo. Ndipo tukasoma yale yaliyokuwa yakifichwa: kifungu cha kutunza siri, sheria ya China kuwa ndiyo itakayotawala mikataba ya mkopo, na mabishano kupelekwa mbele ya wasuluhishi Beijing. Wala si Kenya peke yake. Watafiti waliochunguza mikataba 100 ya mikopo ya China na nchi 24, na kutangaza matokeo yao mwaka 2021, walikuta kwamba yote iliyotiwa saini baada ya mwaka 2014 katika ile waliyoichunguza ilikuwa na vifungu vipana vya siri au ilivirejelea.

Upande wa ununuzi, mwezi wa Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mkandarasi wa reli alipatikana kinyume cha Katiba na sheria. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, ikishikilia kwamba ulikuwa ununuzi kati ya serikali na serikali. Twaiheshimu mahakama. Lakini tazameni shimo lililobaki: ikiwa mkopo ukija pamoja na mkandarasi wake unaweza kuupita mlango wa zabuni, basi mlango huo unawalinda walipa kodi dhidi ya wezi wadogo tu.

Siri ina mtoto wake, naye ni uvumi. Mwezi wa Desemba 2018 nchi nzima ilijaa habari kwamba Bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa Wachina. Serikali zote mbili zilikanusha. Wengi hawakuamini, na wangeaminije, wakati karatasi imefungwa kabatini? Watu wakataja Hambantota ya Sri Lanka, wakidai bandari ile ilinyang'anywa kwa sababu ya deni. Ukweli wa Hambantota ni tofauti kidogo, na yafaa wanaharakati waujue: mwaka 2017 serikali ya Sri Lanka ilikodisha bandari hiyo kwa kampuni ya China kwa miaka 99, ikapata dola bilioni 1.12 za kutunisha akiba yake ya fedha za kigeni, huku madeni ya ujenzi yakiendelea kuwapo. Nchi hiyo ilishindwa kulipa madeni yake ya nje mwaka 2022, na wadai wake wakubwa walikuwamo wenye hati za dhamana wa masoko ya Magharibi. Tusiseme uongo dhidi ya mkopeshaji. Uongo wetu humpa mwenye kosa mahali pa kujificha.

Mfano ulio karibu zaidi ni Zambia. Mwezi wa Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya Eurobond. Iliwaomba wenye hati hizo wavute subira, wakakataa, wakilalamika kwamba hawakuonyeshwa wazi wadai wengine, hasa wa China, wanadai kiasi gani na kwa masharti yapi. Kila mdai akamwogopa mwenzake: nikisamehe mimi, je, nilichosamehe kitamlipa yule? Mapatano na serikali zinazoidai, ya dola bilioni 6.3, yalifikiwa Juni 2023, na katika hizo bilioni 4.1 zilikuwa za Benki ya Exim ya China. Wenye Eurobond wakamalizana nayo Juni 2024. Ni zaidi ya miaka mitatu na nusu. Miaka yote hiyo mwananchi wa Zambia alingoja, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, daftari halikuwa mezani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na deni bila daftari halisameheki.

Sasa tugeukie hoja ambayo wengine wenu mmekuja nayo moyoni. Mtasema: wakopeshaji wa Magharibi walau waliuliza. Ni kweli kwamba mwezi wa Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, na Desemba ya mwaka huohuo kifungu cha 2A, kilichokuwa kimetufunga katika chama kimoja, kikafutwa. Lakini Saba Saba ilikuwa Julai 1990. Watu walikuwa wamekwisha kumwaga damu Kamukunji kabla fedha hazijasimamishwa Paris. Na wakopeshaji hao hao ndio waliotaka gharama zigawanywe, hata Desemba 1989 ada zikaanza kutozwa hospitalini, na mama mjamzito asiye na fedha akarudishwa nyumbani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mara nyingine humpiga mtoto aliye karibu na nyoka.

Wakopeshaji wapya hujivunia kwamba hawaingilii mambo ya ndani. Kwa mtawala, hiyo ni asali. Kwetu sisi ni ukumbusho. Mkopeshaji asiyeuliza anatuachia sisi kazi ya kuuliza, na hiyo ndiyo kazi yetu kwa haki, kuliko ya balozi yeyote. Uhuru wa taifa unaoheshimiwa na mgeni ni mali ya wananchi. Usiheshimiwe mbele ya mgeni, halafu ukanyang'anywa na waziri mlangoni pa nyumba yetu wenyewe.

Na silaha tunazo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, yataka uwazi na ushirikishwaji wa watu katika mambo ya fedha, na kwamba mizigo na manufaa ya mikopo vigawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na kijacho. Kifungu cha 211 chasema Bunge, likipitisha azimio katika nyumba yake yoyote, lina haki ya kuletewa na Waziri wa Fedha, katika siku saba, habari za mkopo wowote: jumla ya deni na riba, matumizi ya fedha, mpango wa kulipa, na kiasi kilicholipwa. Siku saba, ndugu zangu! Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na kifungu cha 214 chaufanya ulipaji wa deni utolewe moja kwa moja katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Deni hulipwa kwanza. Dawa, walimu na barabara za mashambani hugawana mabaki. Kinacholipwa kwanza chastahili kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo twawapeni maswali matano ya kumuuliza kila mbunge, na kila mgombea anayekuja kanisani kwenu na bahasha. Kwanza, mkopo huu ni wa fedha gani na riba yake yaweza kupanda hadi wapi? Pili, nani alishindana na mkandarasi huyu, na bei yake ililinganishwa na ya nani? Tatu, kitakachojengwa kitajilipa chenyewe, au kitalipwa kwa tozo ya unga na mafuta ya taa? Nne, tukishindwa, kesi itasikilizwa wapi na kwa sheria ya nani? Tano, mkataba wote utachapishwa lini? Asiyeweza kujibu hajui anachokipigia kura, na anayejua akakataa kujibu ni hatari zaidi.

Kwa mkopeshaji nako tuna neno. Tunalisema kwa China, kwa India na kwa wote wanaotuita ndugu. Undugu wa Bandung ulitangazwa hadharani, na kanuni nane za mwaka 1964 hazikuandikwa zikafungiwa sandukuni. Mkopo unaoogopa kusomwa na atakayeulipa si wa ukoo huo. Chapisheni mikataba. Kubalini kukaa meza moja na wadai wengine mapema, kabla mdaiwa hajaanguka. Nasi twaahidi kwamba deni lililokopwa kwa uwazi na kutumiwa kwa haki tutalilipa, maana dawa ya deni ni kulipa.

Na kwenu waumini, jambo hili halikuzuka jana. Mambo ya Walawi, sura ya 25, ina sheria ya mwaka wa yubile, na kwa jina hilo makanisa ya dunia yaliungana kuelekea mwaka 2000 kudai nchi maskini zifutiwe madeni. Lakini someni pia Nehemia sura ya 5. Waliolia pale walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka na kodi ya mfalme, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wa damu. Nehemia hakuwaita wakopeshaji faraghani. Aliitisha mkutano mkubwa, akasema nao mbele ya waliodaiwa, na ahadi ikatolewa mbele ya wote.

Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Walikuwa wakikataa kodi, na nyuma ya kodi ile lilisimama deni ambalo wao hawakulikopa, na ambalo wengi wao walikuwa shuleni bado lilipotiwa saini. Mikopo mipya inajadiliwa na itaendelea kujadiliwa. Tukiingoja mpaka igeuke kodi, tutakuwa tumechelewa, na damu itakayodaiwa ni ya watoto wetu. Basi kila parokia, kila usharika na kila kikundi cha mtaa kichague watu watatu wa kusoma taarifa za deni la taifa, kiandike barua kwa mbunge na seneta wake kudai azimio la kifungu cha 211, na kisome jibu kwa sauti mbele ya watu. Jibu lisipokuja, lisomwe hilo nalo, kwamba halikuja, pamoja na jina la aliyenyamaza.